Hema la kujifichia la springi: linakuficha kwa nani?

Ukiagiza hema la kujifichia mtandaoni, unachopokea ni kitu cha duara, bapa kama ungo, ndani ya mfuko wenye mikanda ya kubebea mgongoni. Fungua ukanda unaolibana, litupe mbele yako, na waya za chuma zilizoshonewa kwenye kingo zinajinyoosha. Hema limesimama kabla hujahesabu kumi. Hapa tunalipima lile la mtu mmoja au wawili: halina sakafu, kuta zake ni poliesta iliyochapwa majani na matawi, ndani ni jeusi, lina madirisha ya zipu pande tatu au nne na mlango mmoja. Liliundwa kwa wawindaji wa Marekani wanaokaa wakimngojea kulungu au batamzinga. Ukikumbuka asili hiyo, karibu kila sifa yake na kila kasoro yake inajieleza.

Tuseme hukumu mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Kwa anayetazama au kupiga picha ndege wa majini, digidigi, nguchiro na wenzao, kuanzia alfajiri hadi kama saa 4 asubuhi, hema hili linafaa na bei yake inastahili. Kwa wanyama wenye pua kali, au kwa kushinda humo kutwa katika nyanda za chini na pwani, pesa hizo zitafanya kazi nzuri zaidi kwenye neti ya kivuli, fito na kaniki. Maelezo ya kibanda hicho yako mbele.

Linachoficha

Wanyama wengi hushtushwa na umbo la mtu, yaani kichwa juu ya mabega, na zaidi ya hapo hushtushwa na mikono inayotembea. Hema linaondoa vyote viwili. Ndani yake unaweza kunywa maji, kubadilisha lenzi, kukuna mguu ulioumwa na mbu, na kulasitara aliyeko mita 12 asigeuze shingo. Hii ndiyo kazi yake hasa, na inaifanya vizuri.

Majani yaliyochapwa nje, kwa maoni yetu, yamechorwa kwa ajili ya jicho la mnunuzi. Swala na jamaa zake wana aina mbili tu za seli za kutambua rangi. Nyekundu na kijani kwao hazitofautiani sana. Ndege kwa upande wake ana aina nne, na wengi wanaona hata miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, kwa hiyo picha ya jani iliyochapwa kiwandani haimdanganyi hata kidogo. Ndege hulivumilia hema kwa sababu ameliona likikaa pale bila kumdhuru. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, mnamo mwaka 1900 walitumia ng'ombe wa bandia aliyevishwa ngozi halisi, mpiga picha akiwa tumboni mwake. Ng'ombe hakufanana na kichaka hata kidogo, lakini ndege walikuwa wamemzoea. Yeyote aliyewahi kuona yangeyange wakizunguka miguu ya ng'ombe malishoni hatashangaa.

Kwa hiyo ukiwa dukani acha kulinganisha michoro ya majani, uangalie vitu viwili. Kwanza, je, kitambaa kinang'aa? Kishike juani ukiinamishe huku na huku. Mahema ya bei ya chini yana mpako wa kuzuia maji unaometa kama kiatu kipya, na umande ukilikalia linameta zaidi. Dawa yake ni udongo: koroga udongo wa mfinyanzi na maji hadi uwe mzito kama uji wa mgonjwa, paka nje kwa tambara, acha ukauke, kung'uta. Pili, je, ndani ni jeusi tii, pamoja na dari? Ndani kukiwa na rangi ya kijivu au kijani, mwanga unaopenya unaakisi usoni mwako na kivuli chako kinaonekana dirishani.

Na usilifue hema kwa sabuni ya unga, wala nguo utakazovaa humo. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha, ambazo hufyonza urujuanimno na kuutoa kama mwanga wa kibuluu. Kwa macho yetu shati linaonekana jeupe na safi. Jicho la swala lina nguvu hasa upande wa buluu, na nyakati za utusitusi wa alfajiri ndipo mng'ao huo unapojitokeza. Maji matupu na brashi laini vinatosha.

Madirisha ndiyo ugonjwa wake

Mwindaji hukaa kwenye kiti kirefu au husimama na upinde, hivyo madirisha yamewekwa juu ya usawa wa goti, mara nyingi juu zaidi. Kwa kulungu wa Marekani ni sawa. Kwa chekeamwezi anayedonoa kwenye tope ni balaa: unamtazama kutoka juu, picha zote zinaonyesha mgongo, na lenzi yako imejitokeza juu ya upeo wake kama mdomo wa mzinga. Suluhisho la haraka ni kulala kifudifudi juu ya mkeka na kukunja upindo wa chini wa ukuta. Suluhisho la kudumu ni kumpelekea fundi cherehani. Mwambie akate dirisha la sentimita 25 kwa 25, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 30 kutoka ardhini, ashonee turubai jepesi pembeni lisichanike, kisha aweke pazia la kitambaa cheusi linalokunjwa kwa ndani. Tahadhari moja: waya za springi hupita kwenye mifereji ya mishono pembezoni mwa kila ukuta. Papasa kwanza uzijue zilipo, uchore kwa chaki, ndipo mkasi upite. Mfereji ukikatwa waya hutoka, na hema halitasimama tena.

Kosa linaloharibu safari nyingi kuliko yote ni kufungua madirisha mawili yanayotazamana, kwa kutafuta upepo au kwa uroho wa kuona kila upande. Mwanga unaingia nyuma yako na wewe unageuka sinema ya vivuli. Fungua upande mmoja tu, na upana wa kiganja unatosha kwa darubini. Kabla ya kuliamini, mwache mwenzako akae ndani, wewe simama mita 15 mbele jua likiwa nyuma ya hema, umwambie apunge mkono. Ukiuona mkono, kuna mwanga unaoingia nyuma au darini. Tundika kaniki nyuma yake ujaribu tena.

Neti nyembamba zinazokuja na madirisha ni nzuri kwa macho matupu. Kwa kamera hazifai, zinafifisha picha hata ukigusanisha lenzi nazo. Toa lenzi nje kupitia tundu, na ulizibe pembeni kwa mkono wa fulana nyeusi ya zamani: upande mpana umeshonwa kwenye dirisha, upande mwembamba umefungwa kwenye lenzi kwa mpira. Ndege hugundua lenzi inayochungulia ghafla mahali palipokuwa patupu. Siku mbili kabla, weka hapo chupa ya plastiki iliyopakwa masizi iwazoeshe. Siku ya kazi, itoe gizani na uiweke lenzi mahali pake.

Sauti

Velkro inafaa kupigwa marufuku. Kipande cha sentimita 10 kikibanduliwa asubuhi tulivu kinamfikia mdiria aliyeko ng'ambo ya bwawa, na hatangoja maelezo. Ngoa zote na uweke vifungo vya mti na vitanzi vya kamba. Zipu zipake nta ya mshumaa, meno yote, pande zote mbili, kisha ondoa vishikio vya chuma vinavyogongana na uweke uzi wa katani badala yake. Kiti cha kukunja chenye riveti za alumini hulia kila ukihamisha uzito. Kigoda cha mti hakilii. Simu izimwe kabisa, maana hata mtikisiko wake juu ya kigoda unasikika, na kamera iwekwe kwenye hali ya kimya kama inayo.

Chakula nacho kina kelele. Karanga za maganda, krispi na chochote kilichofungwa kwenye nailoni ngumu viachwe nyumbani. Ndizi mbivu na viazi vitamu vilivyochemshwa vinashibisha kimyakimya.

Upepo: kupigilia na kunusa

Mambo ya chini, yaani vigingi, yanayokuja na hema ni sindano nyembamba zinazopinda kwenye udongo mkavu na kung'oka kwenye mchanga. Zitupe. Nondo ya milimita 8, ikakatwa vipande vya sentimita 30 na kupindwa kichwa, inashika udongo wa aina nyingi. Mchangani tumia mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa kamba na kuzikwa kina cha mkono hadi kiwiko. Unahitaji mambo manne ya pembe na kamba nne za nje, na upindo wa chini uzibwe kwa mchanga au mawe kwa ndani. Hii si kwa ajili ya dhoruba tu. Ukuta uliolegea hupigapiga, na mnyama aliyelizoea hema lililotulia halitambui hema linalopumua. Upepo ukishafika kiwango cha kutikisa matawi makubwa, likunje. Hema lina uzito wa kilo chache tu, na eneo la kuta zake ni tanga.

Kuhusu harufu, hema halikusaidii chochote, tangazo liseme litakalo. Yapo yanayouzwa kwa kudai kitambaa chake kinafyonza harufu ya mtu. Sakafu yake ni wazi, madirisha yako wazi, na wewe unapumua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulihesabu jeni za kunusia za tembo wa Afrika zikakaribia 2,000, zaidi ya mara mbili ya za mbwa. Mbele ya pua kama hiyo ulinzi ni mmoja, kukaa upande upepo unakoelekea, mnyama akiwa upande unakotoka.

Pwani mambo ni rahisi kidogo: wakati wa kusi upepo hutoka kusini-mashariki, wakati wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, na mchana upepo wa bahari huongeza nguvu zake. Bara na milimani ndiko watu wanakokosea. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka bondeni kufuata mteremko. Jua likishapasha ardhi, kama saa 3 hivi, hewa hugeuka na kupanda. Aliyekaa juu ya kisima cha maji alfajiri harufu yake inawashukia pongo kama mafuriko. Aliyekaa chini yake yuko salama hadi saa 3, baada ya hapo yeye ndiye anayepeleka habari. Ukikaa pembeni, mteremko ukiwa unapita kati yenu, hasara ni ndogo nyakati zote mbili. Jaza soksi majivu laini yaliyochekechwa, uitikise taratibu kimo cha kifua: vumbi litakuonyesha hata upepo usioweza kuuhisi shavuni. Fanya hivyo saa ileile utakayokaa, siku moja kabla. Upepo wa jioni hauna habari za alfajiri.

Hema jipya lina harufu kali ya plastiki. Litundike kivulini, nje, wiki mbili. Dawa ya mbu tumia bila wasiwasi, kwa sababu ndege wengi hawakutambui kwa pua, na mamalia atakayeinusa dawa angekunusa wewe vilevile. Hakuna picha ya ndege inayolingana na malaria.

Joto na wadudu

Poliesta nyeusi ndani, jua la saa 5, dirisha moja wazi: jibu unalo. Hewa moto hukaa darini na haina pa kutokea. Tundu dogo la neti nyeusi nyuma, juu kabisa, likiwa na kipande cha kaniki kilichoshonwa juu yake kama pazia la kuzuia mwanga, linapunguza joto bila kuonyesha kivuli chako. Hata hivyo beba lita 2 za maji kwa asubuhi moja, na ukianza kuumwa kichwa toka, ndege wapo kesho. Pia beba chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kwa haja ndogo; kutoka na kurudi mara moja kunafuta kazi ya saa mbili.

Kwa kuwa hakuna sakafu, kagua ardhi kabla ya kusimamisha. Njia ya siafu inaonekana kama mfereji mwembamba uliolainishwa. Sogea mita kadhaa. Kwenye nyanda zenye mbung'o kumbuka kwamba wadudu hao huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya rangi hizo hutundikwa mitini kuwanasa. Hema ambalo ndani yake ni jeusi na mlango umeachwa wazi ni mtego uleule, ila chambo ni wewe. Funga mlango mara moja na uvae kaki.

Kuliweka na kuingia

Tafuta kichaka kilichopo, uliegemeze hema kwenye kivuli chake, kamwe si juu ya tuta ambapo linajichora angani. Jua liwe nyuma yako kwa saa utakazokaa. Kwa ndege wa majini anza mita 30, siku ya pili sogeza hadi 20, ya tatu 12, ukiwatazama kila hatua. Wakirudi kula ndani ya robo saa, wamekubali. Wakibaki wamenyoosha shingo baada ya nusu saa, rudi nyuma. Kwenye kiota usiweke kabisa: mzazi asiporudi, mayai yanaiva juani, na kunguru anajifunza njia yako.

Hapa ndipo hema la dukani linapata shida ambayo waliolitengeneza hawakuifikiria. Linatakiwa kuachwa pale siku kadhaa ili lizoeleke, na kwenye maeneo yenye watu halitakuwepo siku ya pili. Anayelazimika kulikunja kila jioni aache mahali pake kitu cha umbo na kimo kilekile: rundo la matete au fito tatu zilizofunikwa gunia chakavu. Majani mabichi yaliyofungwa nje hunyauka kwa siku moja na kubadilika rangi, basi badilisha kila asubuhi. Mbuzi wakipita watakusaidia kuyaondoa.

Uwe ndani saa 11 alfajiri. Ukichelewa na ndege wameshafika, ingieni wawili, mmoja atoke na kuondoka akionekana wazi, hata akipiga mluzi. Ndege wengi huona mtu ameondoka, wakatulia. Kunguru si wa kutegemea katika hili.

Toa taarifa kwanza. Mtu aliyejificha alfajiri kando ya shamba la wenyewe ni mwizi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na karibu na mipaka ya hifadhi ni jangili. Mwenyekiti wa kijiji na mwenye shamba wajue siku na saa. Kwenye msitu wa hifadhi uwe na kibali cha wanaousimamia, TFS kwa Tanzania, KFS kwa Kenya. Usivae mabaka ya kijeshi: Tanzania, Kenya na Uganda raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Kwa sababu hiyohiyo chagua hema lenye picha ya nyasi kavu au matete, uyaache yenye mabaka ya kambi.

Na ndani ya hifadhi za taifa, hema libaki nyumbani. Kanuni ni kukaa kwenye gari isipokuwa mahali paliporuhusiwa, na gari lenyewe ni kibanda kizuri kuliko hema lolote, kwani wanyama wamelizoea miaka mingi. Zima injini, egesha upande wa jua, laza lenzi juu ya mfuko wa mchele dirishani, usitoe kiwiko. Anayetaka kukaa nje ya gari aende palipojengwa kwa kazi hiyo: majukwaa ya mbao ya Saiwa karibu na Kitale, ambako nzohe, swala wa kinamasi, hutazamwa kwa miguu, au chumba cha chini cha hoteli ya The Ark kule Aberdare, ambacho wanyama wanaokuja kulamba chumvi hukipita kama mwamba.

Liseme wazi muuzaji asipolisema: poliesta si ukuta. Usiliweke kwenye njia ya kiboko, ile yenye mifereji miwili sambamba na nyasi katikati, wala ukingoni mwa maji yenye mamba, wala mahali nyati wanapopita. Aliyejificha vizuri humshtua nyati akiwa karibu mno, na nyati aliyeshtuliwa karibu hakimbilii mbali.

Kibanda cha neti, kwa kulinganisha

Wakulima wa miche wanatumia neti ya kivuli, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Chukua ya asilimia 75 au 80, nyeusi au kijani iliyoiva. Ikiwa upana wake ni mita 2, mita 7 zinatosha kibanda cha mita 1.2 kwa 1.2, kimo mita 1.3: mita 5.5 za kuzunguka kuta na mita 1.5 za paa. Upana unaozidi kwenye kuta unakunjwa, sentimita 30 chini kama upindo wa kuzibia mchanga na zilizobaki juu zinalazwa kwenye paa. Nguzo ni fito nne za mita 1.7, zikiingia ardhini sentimita 40. Juu weka nne za mita 1.3 na mbili za kukingama pembeni ili kisiyumbe. Funga kwa kamba ya katani, maana misumari inapiga kelele na inabaki ardhini ikingojea kwato.

Neti peke yake inaangaza: ukiwa na mwanga nyuma unaonekana kama samaki kwenye wavu. Tundika kaniki ukuta wa nyuma na chini ya paa, mita 3 zinatosha, na kivuli chako kimekufa. Mbele acha neti tupu, utaona nje bila tundu lolote. Nje chomeka matete au makuti ya hapohapo. Hewa inapita kuta tatu, kwa hiyo saa 6 mchana mtu bado anakalika humo. Kipo siku zote, ndege wanakizoea, na hakuna anayekiona kuwa mali ya kuiba, ingawa fito kavu zinaweza kupata mwenye shida ya kuni.

Kasoro zake ni mvua, ambayo inapita moja kwa moja, na ujenzi, ambao unachukua saa nzima yenye kishindo na lazima ufanyike siku kadhaa kabla. Anayehama kila siku kutoka bwawa hadi bwawa hawezi kukitumia; huyo hema ndilo lake.

Kulikunja na kulitunza

Chumvi ya bahari hula waya kupitia mishono. Ukitoka ufukweni futa kingo zote kwa tambara lenye maji baridi, lianike kivulini hadi likauke, si juani, kwani jua huchakaza poliesta upesi. Kutu ikianza huonekana kama doa la rangi ya chai kwenye mshono. Hapo waya utakatika ndani ya msimu mmoja au miwili.

Kulikunja kunawashinda wengi, na waya hupindwa kabisa hapo. Lilaze ubavu, bana kuta mbili hadi ziwe bapa, kisha mbili nyingine, upate kitu kama jani kubwa la mgomba. Simamisha jani hilo, kanyaga ncha ya chini, shika ya juu na uikunje kuelekea chini kwako huku ukizungusha kifundo cha mkono, hadi zitokee duara mbili kama tarakimu 8. Lalisha duara moja juu ya nyingine na ufunge ukanda papo hapo. Ukihisi waya unakataa, achia, uanze upya. Ukilazimisha, hema litainama upande mmoja kila utakaposimamisha. Fanya zoezi hili uani mara tano mchana, kwa sababu utakapolihitaji kwelikweli kutakuwa giza, kuna umande, na kuku wa maji wako mita chache wakisikiliza.